Sauti ya Kuchonga kwa Mkono

Leo nataka tuzungumze juu ya sauti inayozaliwa ndani ya chombo cha umeme, na juu ya mkono wa mtu unaoipa umbo. Vyombo vyenyewe ni sinthesaiza za analogi, hasa zile za nusu moduli. Naamini vinatuhusu sisi watu wa pwani, na nitaeleza kwa nini.

Tuanzie pale tunapokutana na sinthesaiza mara nyingi, yaani harusini. Usiku wa taarab au wa chakacha hapa Mombasa, iwe Mtongwe, Mlaleo au Magongo, mpiga kinanda hubonyeza namba na sauti ikatoka: fidla, filimbi, ngoma, hata makofi. Sauti hizo zilipangwa kiwandani ng'ambo na watu ambao pengine hawajawahi kusikia ngoma ya sengenya. Mpigaji wetu ni hodari, vidole vyake vinajua njia, lakini sauti yenyewe aliikuta imekwisha kutengenezwa. Yeye anachagua tu. Akitaka mlio wa nzumari ya Kidigo, haumo. Akitaka mwendo wa ngoma za mwanzele, itabidi achukue ulio karibu nao, aufanye huo ndio wetu.

Sinthesaiza ya analogi haina hazina ya sauti ndani yake. Ina sakiti, na kila sakiti ina kazi yake katika kuunda mlio.

Ya kwanza ni oseleta. Hii huufanya umeme upande na kushuka mfululizo. Spika huufuata mtikisiko ule, hewa ikatikisika, nasi tukasikia. Umeme ukipanda na kushuka mara 440 kwa sekunde, tunapata ile noti ambayo wanamuziki wengi duniani hulinganishia ala zao. Lakini namna ya kupanda na kushuka nayo ina maana kubwa. Umeme ukipanda taratibu kisha ukaanguka ghafla, hilo ni wimbi la msumeno. Mlio wake ni mkali, kwa sababu umebeba hamoniki zote, yaani zile sauti nyembamba zinazoandamana na sauti ya msingi, za witiri na za shufwa. Umeme ukiruka juu, ukakaa, ukaruka chini, ukakaa tena, hilo ni wimbi la mraba, nalo lina hamoniki za witiri peke yake: ya tatu, ya tano, ya saba. Ndiyo maana mlio wake husikika kama una uwazi ndani.

Sasa msikilize mpiga nzumari katika sengenya. Mashavu yamejaa, anavuta pumzi kwa pua huku akipuliza kwa mdomo, na mlio haukatiki. Ulimi wa ala unafunga na kufungua njia ya pumzi mamia ya mara kwa sekunde, na kwa kuwa tundu la nzumari linapanuka kadiri linavyoteremka, hewa iliyomo hutoa hamoniki zote. Kwa sababu hiyo nzumari hupasua kishindo cha ngoma zote, ikasikika mtaa wa pili. Kwa lugha ya fizikia, nzumari ni jirani wa wimbi la msumeno. Aliyebuni nzumari hakuwa na kifaa cha kupima mawimbi. Alikuwa na sikio, akaendelea kuchonga mpaka sikio likaridhika.

Au chukua kayamba. Ni matete yaliyofungwa bapa, na ndani mna mbegu. Ukiitikisa, mbegu hugonga kwa nyakati zisizopangika, na kinachotoka ni mchanganyiko wa masafa mengi usio na noti. Sinthesaiza nayo ina sakiti inayotoa kitu hicho hicho, na mafundi wake huiita kelele nyeupe. Mama wa Kigiriama anapogeuza kayamba, akiivuta hapa na kuigonga pale, anaikata kelele ile vipande vipande mpaka inakuwa mwendo wa kuchezeka.

Sakiti ya pili ni kichujio. Nazi ikikamuliwa kwenye kifumbu, tui hupita na machicha hubaki. Kichujio cha sinthesaiza nacho huruhusu sehemu moja ya mlio ipite na kuizuia nyingine, na hiki unaweza kukifungua au kukibana huku wimbo unaendelea. Mmarekani Robert Moog, aliyeonyesha vyombo vyake vya kwanza mwaka 1964, alipata mwaka 1969 hataza ya kichujio ambacho hupunguza mlio kwa desibeli 24 kila upandapo oktava moja juu ya mpaka uliouweka. Wimbi kali la msumeno likipita humo linalainika, likawa la duara, zito, la kujaza chumba. Ukiurudisha mlio unaotoka kwenye kichujio uingie tena ndani yake, pale penye mpaka pataanza kulia. Ukizidisha, kichujio chenyewe kitapiga mluzi hata kama hakuna oseleta inayokilisha.

Sakiti ya tatu inahusu maisha ya mlio: unavyozaliwa, unavyokaa, unavyokufa. Vladimir Ussachevsky, mtunzi wa kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia-Princeton mjini New York, alipendekeza mwaka 1965 hatua nne ambazo mpaka leo ziko kwenye sinthesaiza nyingi: muda wa kupanda, muda wa kushuka, kiwango cha kukaa, na muda wa kufifia. Wapiga msondo wetu wanazijua kwa viganja. Ukipiga na kuuacha mkono juu ya ngozi, umeuua mlio. Ukiinua upesi, umeuacha ulie. Na kabla ya kupiga, ngoma huoteshwa moto ngozi ikaze. Huko nako ni kurekebisha sauti kabla ya kuitumia, na ni kazi anayokabidhiwa mtu anayeijua.

Katika kituo hicho cha New York alikuja kufanya kazi Mwafrika, Halim El-Dabh wa Misri. Mwaka 1944, mjini Cairo, kabla ya sinthesaiza kujulikana, El-Dabh alikwenda kwenye ngoma ya zar ya wanawake, ngoma ya kutuliza pepo, akiwa na mashine ya kurekodia kwa waya wa chuma. Akarudi studio ya redio, akaondoa sauti za msingi, akabakisha hamoniki na mwangwi, na kelele za uponyaji zikageuka kuwa muziki mpya kabisa. Miaka 4 baadaye Wafaransa walianza kazi ya namna hiyo, na vitabu vingi vikaanzia kwao. Sisi tunaojua ngoma za pepo tuna haki ya kuikumbuka kazi ya El-Dabh. Muziki wa elektroniki, tangu utoto wake, umepita ngomani kwetu Afrika.

Sasa hii nusu moduli ni nini? Sinthesaiza za kwanza za Moog, na zile za Don Buchla huko California, zilikuwa za moduli kamili: kila sakiti ina sanduku lake, na chombo hakitoi mlio mpaka uunganishe sanduku na sanduku kwa nyaya. Kila kitu kiko mikononi mwako, lakini anayeanza hupotea. Kisha vikaja vyombo kama Minimoog ya mwaka 1970, ambamo njia zote zimeunganishwa kiwandani na kufungwa. Ni rahisi kupiga, lakini mlio hauwezi kupita njia nyingine isipokuwa ile aliyoiweka mtengenezaji. Nusu moduli inakaa katikati. Ukiiwasha inalia, kwa sababu njia za kawaida zimo ndani. Lakini kwenye kila njia pameachwa tundu. Ukichomeka waya kwenye tundu lile, njia ya ndani hukatika na yako ikashika nafasi yake. ARP 2600 ya mwaka 1971 ilikuwa hivyo. Korg MS-20 ya Japani, mwaka 1978, ilikuwa hivyo. Katika miaka ya karibuni Mother-32 ya kampuni ya Moog, iliyotoka mwaka 2015, ina matundu 32 kwenye kisanduku unachoweza kukibeba kwapani.

Nikupe mfano, msikilizaji. Ndani ya chombo hiki kuna oseleta nyingine ya polepole, ambayo haisikiki yenyewe bali huvisukuma vitu vingine. Iweke ipande na kushuka mara 6 kwa sekunde. Toa waya kwake, uchomeke panapoamuliwa noti: mlio utatetemeka kama mwimbaji wa taarab anapolivuta neno la mwisho la ubeti. Chomoa waya ule ule, uchomeke kwenye kichujio: noti itatulia, na badala yake mlio utakuwa unang'aa na kufifia, unang'aa na kufifia. Hukununua chombo kipya wala hukubonyeza namba. Umehamisha waya mmoja, na sauti imebadilika tabia. Mtoto wa miaka 12 akifanya hivyo mara mbili tatu ameelewa fizikia ya mawimbi kwa masikio yake, na somo la sikio halisahauliki upesi.

Najua kuna msikilizaji anayesema: hivyo ni vya Wamarekani na Wajapani, sisi vinatuhusu nini? Nitamjibu kwa tashkota. Ile ala yenye nyuzi na vibonye, inayolia kwa ukali ule wa kupendeza katika taarab ya Mombasa, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Ikavuka bahari ikafika pwani yetu, mafundi wetu wakaitia umeme, wakaipitisha kwenye kipaza sauti, na katika nyimbo za mwimbaji Bi Zuhura Swaleh na kundi la Maulidi Musical Party ikawa ndiyo sauti ya harusi za Mombasa. Ilitoka Japani, lakini mlio ule ni wa hapa. Tulifanya hivyo kwa tashkota, na miaka ya 1980 bendi ya Mombasa Roots ikaipeleka chakacha kwenye disko. Mlango huu si mgeni kwetu.

Na njia hiyo kati yetu na ng'ambo imepitiwa kutoka pande zote mbili. Mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock alichukua jina la Kiswahili, Mwandishi, na wenzake wa bendi wakafuata: Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile, Pepo. Wamarekani weusi wale walikuwa wakitafuta asili yao, na wakachagua lugha yetu. Albamu yao ya mwaka 1971 iliitwa Mwandishi. Walipofika kwenye albamu ya Sextant, mwaka 1973, mpiga sinthesaiza Patrick Gleeson alikuwa amekaa nao akiwa na ARP 2600, ile nusu moduli niliyoitaja, akiunda matone na milio ambayo jazi haikuwahi kuisikia. Watu wenye majina ya Kiswahili walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha dunia chombo hiki kinaweza nini, na wengi wetu hatukuambiwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Taarab yetu ina maqam, yaani mipangilio ya noti ya Kiarabu, na ndani ya maqam kuna robo toni, sauti inayokaa kati ya kibonye cheupe na cheusi. Hayati Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2016, aliipata kwa kidole, kwa sababu shingo ya udi haina vikomo vya kuzigawa noti. Kinanda cha kawaida kimezoeshwa hatua 12 za piano, na mpigaji asiyejua kukibadilisha hulazimika kuipotosha maqam ifuate chombo. Katika sinthesaiza nyingi za analogi noti ni kiasi cha umeme tu: ukiongeza volti 1, sauti inapanda oktava 1. Nusu toni ni volti ile ikigawanywa kwa 12. Robo toni ni volti ile ile ikigawanywa kwa 24. Chombo hakijui kipi ni cha Ulaya na kipi ni cha Uarabuni. Ukizungusha kitufe mpaka ile hatua ya tatu ya maqam ya Rast ikae mahali pake, itakaa, na chombo hakitabisha.

Kuna na hili. MS-20 ina sehemu ya kupokea sauti kutoka nje. Unachomeka maikrofoni, nacho chombo kinaisikiliza noti inayoingia, kinaigeuza kuwa volti, na volti ile inaongoza oseleta. Kinahitaji sauti inayotoa noti moja kwa wakati, na nzumari ni ala ya namna hiyo hasa. Korg iliitoa tena MS-20 mwaka 2013, ikiwa na ukubwa wa asilimia 86 ya ile ya zamani. Hebu fikiria mzee wa nzumari wa Likoni amekaa mbele ya maikrofoni, anapuliza, na kila anachopuliza kinafuatwa na sauti nzito ya umeme inayotetemeka chini yake. Anayeongoza hapo ni mzee, na mashine inamfuata. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa muziki wetu.

Vikwazo vipo, na lazima tuviseme. Cha kwanza ni bei. Mother-32 ilipotoka iliuzwa dola 599 za Marekani, na hapo hujatia usafiri wala ushuru. Kijana wa Bakarani au wa Chaani hana fedha hizo. Cha pili ni hali ya hewa yetu. Transista hubadilika kadiri joto linavyobadilika, kwa hiyo oseleta za analogi huteleza noti. Ukiwa na chombo cha namna hii, kiwashe nusu saa kabla ya kukilinganisha, na usikiweke mbele ya feni wala juani. Hewa ya chumvi nayo hula shaba na bati: matundu yafunikwe kwa kitambaa, nyaya zifutwe, na chombo kilale kwenye sanduku kavu. Na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unataka kifaa cha kuutuliza.

Lakini bei si ukuta usioparamika. Kampala kuna mtu aitwaye Brian Bamanya, anayejulikana kwa jina la Afrorack. Alivutiwa na sinthesaiza za moduli, akaona haziwezekani kununuliwa kwa mfuko wake, akaamua kuziunda mwenyewe. Alijifunza kuchora sakiti, akachomelea vipuri kimoja kimoja, mpaka akawa na chombo kizima. Mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya huko huko Kampala ikatoa albamu yake. Naye amewafundisha wengine kuchomelea. Ametoka nchi jirani isiyo na bandari ya baharini. Sisi makontena yanashushwa Kipevu, mbele ya macho ya watu wa Changamwe.

Kwa hiyo, kijana, anza na kidogo. Kuna chipu iitwayo 40106, ina sakiti 6 ndani yake. Kila moja ukiiunganisha na kizuizi kimoja na kapasita moja, kwa betri ya volti 9, inakuwa oseleta ya wimbi la mraba. Chipu moja inakupa oseleta 6. Badala ya kizuizi cha kawaida weka kile kinachobadilika kwa mwanga, na kivuli cha mkono wako kitapandisha na kushusha noti. Fundi wa redio mtaani kwako anavijua vipuri hivi. Nenda kwa adabu ukamwombe akuonyeshe kushika chuma cha kuchomelea. Na kama una kompyuta, hata iliyotumika, iko programu ya VCV Rack, ambayo ina toleo la bure. Inaonyesha moduli kwenye kioo, unavuta nyaya kwa kipanya, na yote niliyoyasema leo, oseleta, kichujio, hatua nne za mlio, unaweza kuyajaribu usiku wa leo bila kutoa senti.

Nina ombi kwa walimu na wakuu wa vyuo vya ufundi. Mnapofundisha elektroniki, msiishie kwenye taa inayowaka na kuzima. Mwanafunzi aliyeunda sakiti ikalia, ataitafuta hesabu yake bila kusukumwa. Mwalikeni na mpiga nzumari darasani, mlipeni kama mnavyomlipa mgeni yeyote wa heshima, na wanafunzi wapime hamoniki za mlio wake kwenye kompyuta, kisha wajaribu kuujenga upya kwa mawimbi. Watagundua wamekaribia, na watagundua palipobaki. Pale palipobaki ndipo penye kazi ya miaka yao ijayo.

Na kwenu wapiga vinanda wetu wa harusi, ambao mmeibeba furaha ya mitaa hii kwa miaka mingi, nasema hivi: wimbo mmoja tu katika usiku mzima, upigeni kwa sauti mliyoiunda wenyewe. Mmoja kwanza. Kina mama watakaosimama kucheza chakacha ndio watakaowaambia kama imekubali. Ikikubali, irekodini, andikeni mahali kila kitufe kilipokuwa na kila waya ulipochomekwa, mumpe na mwenzenu naye aendeleze. Milio ya nzumari ilitufikia kwa sababu kila mpigaji alimwonyesha aliyemfuata.

Mtakachokiunda, kileteni hapa studioni. Tutakisikiliza pamoja, na kikiwa tayari tutakipiga hewani na kulitaja jina la aliyekiunda na la mtaa wake.